Stempu na Muhuri: Historia ya Ubena Juu ya Bahasha

Juu ya kila barua iliyosafiri kwa posta zamani palikuwa na alama mbili. Ya kwanza ni stempu, kipande cha karatasi chenye picha, thamani na jina la dola. Ya pili ni muhuri wa posta, duara la wino mweusi lenye jina la mji na tarehe. Wengi wanaokusanya vitu hivi huvutiwa na alama ya kwanza, kwa kuwa ina rangi na sura. Ile ya pili huihesabu kuwa uchafu uliomwagika juu ya uzuri. Lakini mtu atakaye kujua habari za nchi ya Ubena, na hasa za mahali kama Mahongole, karibu na Makambako, ambapo hapakuandikiwa vitabu vingi, hana budi kugeuza hesabu hiyo. Stempu husema lile ambalo serikali ilitaka lisemwe. Muhuri husema lile lililotendeka.

Desturi ya stempu ilianza Uingereza mwezi wa Mei 1840. Kabla ya hapo aghalabu aliyelipa gharama ya barua alikuwa ni mpokeaji, naye aweza kuikataa. Stempu ikaweka malipo juu ya mpelekaji kabla barua haijaondoka. Mwaka 1869 Austria-Hungaria ikatoa kadi ya posta ya kwanza, na mwaka 1874 mataifa yalikutana mjini Bern na kupatana kuwa barua ya nchi moja ipokewe na nchi nyingine bila ya kulipiwa upya mpakani. Tangu mapatano hayo kipande cha karatasi kiliweza kutoka pembe moja ya dunia na kufika pembe nyingine, na wakusanyaji wakazidi kila mahali. Pwani ya Afrika ya Mashariki haikuachwa nyuma. Unguja ilikuwa na posta iliyoendeshwa na Serikali ya Uhindi mpaka mwaka 1895, ndipo stempu za Kihindi zikapigwa chapa ya jina la Zanzibar. Mwaka uliofuata zikatoka stempu zenye sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini, naye akafariki mwaka huo huo wa 1896.

Upande wa bara Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890. Mwanzoni walitumia stempu za kwao, na mwaka 1893 wakazipiga chapa ya thamani kwa pesa, kwa maana fedha ya pwani ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Hivyo neno ambalo kila Mswahili alilijua likasimama juu ya stempu ya Kaizari. Mwaka 1901 zikatoka stempu nyingine zenye picha ya Hohenzollern, merikebu ya Kaizari mwenyewe. Picha hiyo haikuchorwa kwa ajili ya nchi hii. Merikebu ile ile ilitiwa katika stempu za Kamerun, za Togo na za Samoa. Kilichobadilika ni jina la koloni na aina ya fedha tu.

Sasa na ifikiriwe merikebu hiyo ilipopanda nyanda za juu za kusini. Ubena ulikuwa kati ya Iringa na Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo, na katika sehemu hizo barua zilichukuliwa na matarishi kwa miguu. Wengi wa watu ambao matarishi hao walipita mbele ya nyumba zao hawakuwa wameiona bahari kwa macho yao. Picha ya stempu haikuwaambia chochote juu yao wenyewe. Iliwaambia nguvu ya aliyewatawala ilitoka wapi. Muhuri ndio uliokuwa na habari. Ukisomeka Iringa kwa tarehe moja na Dar es Salaam kwa tarehe nyingine, basi mtu yeyote aweza kuhesabu siku za safari, na kutoka katika hesabu hiyo akajua kazi ya tarishi ambaye jina lake halikuandikwa mahali popote.

Vita vya mwaka 1914 vilivuruga mambo, na machafuko hayo yote yameandikwa juu ya bahasha. Wajerumani walipozuiwa baharini walipungukiwa na stempu, na mwaka 1916 wakachapisha nyingine katika mtambo wa misheni huko Vuga, Usambara. Lakini shehena ya stempu ikafika kutoka Ujerumani, na zile za Vuga hazikuhitajiwa tena. Wakazifukia ardhini zisiangukie mikononi mwa adui, zikaja kufukuliwa mwaka 1921. Upande wa kusini, jeshi la Jenerali Northey lilitoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likashika Neu-Langenburg mwezi wa Mei 1916, likapita Ubena na kuingia Iringa mwezi wa Agosti. Barua za jeshi hilo zilitumia stempu za Nyasaland zilizopigwa chapa herufi mbili, N.F., ambazo ni kifupi cha jina la jeshi lenyewe. Mkusanyaji wa Ulaya huzitafuta herufi hizo kwa sababu ni adimu. Kwa mtu wa Ubena zina maana nyingine: ni alama iliyobaki ya jeshi lililokuja na wapagazi wake na njaa yake katika mashamba ya wazee wake.

Baada ya vita Waingereza walizipiga stempu zao chapa G.E.A. Mwaka 1922 zikatoka stempu za kwanza zenye jina la Tanganyika, na picha yake ilikuwa kichwa cha twiga. Mwaka 1927 twiga akaondolewa na mahali pake pakawekwa kichwa cha Mfalme, pamoja na maneno ya kueleza kuwa nchi ilikuwa chini ya udhamini. Kisha posta za nchi tatu zikaunganishwa, na tangu mwaka 1935 stempu moja ikawa na majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Juu yake palikuwa na Kilimanjaro, simba, korongo wa Uganda, jahazi katika Ziwa Viktoria na daraja la reli la Jinja. Zilikuwa picha nzuri, na wakusanyaji wa dunia nzima walizipenda.

Lakini ni barua gani zilizobeba picha hizo mpaka Ubena? Hapa ndipo muhuri unapokuwa shahidi mkubwa. Katika enzi ya Waingereza wanaume wengi wa Njombe waliondoka kwao kwenda kukata mkonge. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa haba katika nchi iliyokuwa mbali na reli. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chama chao cha kuandika wafanyakazi, SILABU, na watu waliochukuliwa kwa malori na kwa treni waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Manamba aliyetaka kupeleka salamu alimtafuta mtu wa kumwandikia ikiwa mwenyewe hakujua kuandika. Barua ikatoka kwa jina la shule au la misheni, ikangoja huko mpaka mwenyewe au jirani aje kuichukua. Stempu yake ilikuwa na simba au mlima mrefu. Muhuri wake uliandika Tanga, au Korogwe, au Muheza, au Kilosa.

Stempu ikisomwa peke yake, mtu ataona nchi ya wanyama na milima. Mihuri ikisomwa, ataona njia iliyowatoa watu nyanda za juu na kuwashusha katika joto la pwani. Bahasha za nyumba moja zikiwekwa kwa kufuata tarehe, huonyesha mtu alikaa mbali miaka mingapi, alihama shamba lipi kwenda lipi, na barua zilianza kupungua lini. Yumkini hakuna daftari la serikali liwezalo kueleza jambo hilo kwa nyumba moja moja. Daftari lilihesabu namba, lakini bahasha iliandikwa jina.

Tena kuna ushahidi wa stempu zenyewe, kwa anayejua kuuliza kilichokosekana. Tanganyika iliongoza dunia kwa mkonge, lakini ni katika stempu za mwaka 1960, zikikaribia siku za mwisho za utawala wa Waingereza, ndipo mmea huo ulipochorwa kwenye stempu ya senti 5. Mkonge ulichorwa, mkataji hakuchorwa. Mwaka uliofuata, nchi ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, zikatoka stempu zenye mwalimu na wanafunzi wake, muuguzi na mtoto, mchuma kahawa na mvunaji wa mahindi. Hapo kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliyekuwa kazini akapewa mahali palipokuwa pa mfalme na mnyama. Hayo nayo yalikuwa maneno ya serikali. Lakini serikali ilikuwa imebadilika, na maneno yake yakabadilika.

Kadi za posta zina mizani ile ile. Unguja kulikuwa na wapiga picha wa Kigoa, kama vile Gomes, Coutinho na de Lord, ambao picha zao ziliuzwa kwa wasafiri wa meli tangu mwisho wa karne ya 19. Mbele ya kadi huonekana mlango wa mji, soko, au mwanamke aliyevikwa mapambo na kusimamishwa mbele ya pazia. Jina lake halikutajwa, isipokuwa kabila au kazi yake. Hiyo ni picha ya mnunuzi, iliyotengenezwa kwa macho ya mnunuzi. Kwa miaka mingi nyuma ya kadi paliruhusiwa anwani tu, na mpelekaji aliandika salamu zake pembeni mwa picha. Uingereza iliugawa upande wa nyuma mwaka 1902, na Ujerumani mwaka 1905, ndipo salamu zikapata nafasi karibu na anwani. Mwenye kusoma historia kwa hiyo huigeuza kadi. Mbele ataona jinsi watu walivyotazamwa. Nyuma ataona nani alitazama, siku gani, na alikuwa akienda wapi.

Stempu za dola zilizofuata zinaendelea na mafunzo hayo. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stempu za Unguja zenye sura ya Sultani hazikutupwa. Zilipigwa chapa JAMHURI 1964 juu ya sura hiyo, zikaendelea kufanya kazi. Katika miaka ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, majina ya Kenya, Uganda na Tanzania yalikuwa yakibadilishana nafasi kutoka toleo moja mpaka lingine, ili pasiwe na nchi iliyo ya kwanza daima. Mwaka 1976 nchi hizo tatu zilitoa stempu za reli, na moja ilikuwa ya reli ya Tanzania na Zambia. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka huo, ilipita Makambako, na mji ukakua penye njia panda ya reli, barabara ya Mbeya na barabara ya Njombe. Mwaka mmoja baadaye Jumuiya ikavunjika. 

Yaliyosemwa hapa yana hatari yake, nayo hutoka mikononi mwa wapenzi wenyewe wa stempu. Mwanafunzi anayeanza kukusanya hufundishwa kukata pembe ya bahasha, kuiloweka katika maji vuguvugu mpaka gundi ilegee, kuikausha stempu na kuihesabu meno yake. Akimaliza ana picha safi ya simba. Na katika takataka pamebaki nusu ya muhuri, jina la mpokeaji na jina la shule iliyomtunzia barua yake. Amehifadhi neno la serikali na kutupa neno la babu yake. Wakusanyaji wakubwa wa Ulaya wamekwisha kuligundua kosa hilo: kwa barua za enzi ya Wajerumani, muhuri wa kituo kidogo huweza kuwa na bei kubwa kuliko stempu iliyo chini yake. Lakini wao hutafuta uadimu. Yanayotafutwa Mahongole ni habari za nasaba na za safari, nazo hazina bei sokoni.

Siku hizi salamu zimehamia katika simu, na fedha iliyokuwa ikipelekwa kwa hawala ya posta hupelekwa kwa simu pia, tangu huduma hiyo ilipoingia Tanzania mwaka 2008. Barua za zamani hazitaongezeka tena, zitapungua tu. Nyingine ziko katika masanduku ya bati pamoja na stakabadhi za kodi, nyingine zimewashiwa moto wa jikoni, nyingine zimeliwa na mchwa. Anayezipata na aziache na bahasha zake, aziweke kwa kufuata tarehe za mihuri, na aandike katika karatasi ya pembeni jina la mwenye barua na la aliyeipokea, maadamu wapo wazee wa kumwambia. Haba na haba hujaza kibaba; na kibaba cha bahasha zisizokatwa, kutoka nyumba chache za Mahongole, kitaweza kumwonyesha mwanachuoni wa kesho njia ambazo watu wa Ubena walizipita, wakati stempu walizozibeba zilipokuwa zikitangaza habari za wafalme.