Mlima na Akili za Vijana

Ndugu askari, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alifikisha Mwenge wa Uhuru kileleni Kilimanjaro, mita 5,895. Siku hizi wapo wanaoupanda mlima huo kuchangisha fedha za kutibu akili za vijana.

Dadamu, karibu na Arua, hakuna theluji. Hata hivyo Walugbara wana milima yao: husimulia kwamba shujaa Jaki alifia karibu na Liru, huko Koboko, na Dribidu karibu na Wati. Baada ya vita vya 1979, watu wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudan. Watoto wao wakakulia ukimbizini, na majeraha ya moyoni hayakuandikwa katika daftari lolote.

Sheria ya magonjwa ya akili ya 1964 ilidumu Uganda mpaka ilipotungwa nyingine mwaka 2018. Na tukiri: kijana aliyechanganyikiwa mara nyingi hukutana na polisi kabla ya daktari. Butabika, hospitali kuu ya akili iliyofunguliwa 1955, iko Kampala, kilomita zipatazo 500 kutoka Arua. Fedha ya wapanda mlima, ikifika Dadamu, ianze na nauli.