Kasinojeni: Uwezo, Tendo na Viungo vya Jikoni

Istilahi kasinojeni, ambayo katika elimu ya sumu hutaja kitu chenye uwezo wa kuanzisha saratani, imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kaa, na kwa sadfa neno saratani, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nalo asili yake ni kaa huyohuyo. Waandishi wengi huitafsiri kuwa "kisababishi cha saratani", tafsiri inayoeleweka mara moja lakini yenye kasoro kubwa, kwa sababu kusababisha ni tendo lililotimia, ilhali istilahi ya asili hutaja uwezo tu, bila kusema lolote kuhusu kiasi kinacholiwa wala muda wa kukila.

Kasoro hiyo hudhihirika zaidi katika kemikali za mimea zinazotia chakula ladha. Karafuu za Unguja na Pemba hupata harufu yake kali kutokana na yujenoli, iliyoitwa hivyo kwa kufuata Eugenia, jina la zamani la kibotania la jenasi ya mkarafuu. Ndugu yake, methili-yujenoli, imo katika rehani na kungumanga, na hutofautiana nayo kwa kikundi kimoja kidogo cha methili kilichofunika mahali ambapo yujenoli ina haidroksili iliyo wazi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwenye karatasi, lakini ini huiona: kwa kuishika haidroksili hiyo, mwili huiunganisha yujenoli na kemikali nyingine na kuitoa upesi kwa mkojo, ilhali sehemu ya methili-yujenoli, iliyozibiwa njia hiyo, hugeuzwa na vimeng'enya kuwa kemikali inayoweza kujibandika kwenye DNA.

Kwa hiyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka yujenoli katika Kundi la 3, la vitu visivyoweza kuainishwa kwa ushahidi uliopo, na mwaka 2023 likaipandisha methili-yujenoli kutoka Kundi la 2B hadi 2A. Mfasiri makini atalieleza Kundi la 2B kwa "huenda" na la 2A kwa "yamkini", maneno yasiyopaswa kubadilishana nafasi, na atakumbuka kwamba makundi hayo hupima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa madhara.

Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa iliondoa mwaka 2018 idhini ya methili-yujenoli ya viwandani, kwa kuwa sheria ya 1958 hukataza kiongezi chochote kilichoonekana kuleta saratani kwa wanyama, hata kiwe kidogo namna gani, ingawa mamlaka hiyohiyo ilieleza kwamba kwa viwango vilivyotumika haikutarajia madhara kwa walaji. Rehani yenyewe haikuguswa.

Tafsiri ifaayo zaidi, basi, ni "kihatarishi cha saratani", hata kama ofisi nyingi hulitumia neno kihatarishi kwa upana kupita kiasi. "Kisababishi" libakizwe kwa vitu kama moshi wa tumbaku, na aflatoksini, ile sumukuvu ya mahindi na karanga, ambavyo vimo katika Kundi la 1 kwa kuwa saratani yake imethibitika kwa binadamu.