Hodi Bila Karani

Siku hizi laptop inaingia kwenye waifai ya nyumbani na printa inapatikana kwa jina, bila mtu kujaza fomu yoyote. Zamani jina lilikuwa la kuombwa.

Miaka ya 1970, majina yote ya kompyuta za ARPANET, mtandao wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani uliozaa intaneti, yalikaa kwenye faili moja tu: HOSTS.TXT. Ilitunzwa Menlo Park, California, na ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler. Ukitaka jina, unapiga simu ofisini saa za kazi. Halafu wengine wote wanakopi orodha mpya. Mtandao ulipokua, orodha ikalemea. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaja na DNS, mpango wa kugawana mzigo: kila taasisi itunze majina yake.

Sawa, lakini bedsita yako ni taasisi gani? Majibu yalikuja mawili. La kwanza ni DHCP ya 1993: kompyuta ikiomba namba kwa ruta, inaweza pia kujitaja jina, na ruta nyingi hulihifadhi na kuwaambia wengine wakiuliza. La pili, ninalolipenda zaidi, ni mDNS, kazi ya Stuart Cheshire wa Apple na wenzake, iliyoanza kutumika 2002. Hapa hakuna karani. Mashine inapiga hodi mara tatu, kila baada ya robo sekunde: kuna mwenye jina hili? Kukiwa kimya, jina ni lake, na .local mwishoni. Mwenyewe akiitika, mgeni anajiongezea namba: laptop-2. Hakuna ugomvi.

Ila hodi husikika na kila mtu. Kwenye ploti yetu nyumba sita tunachangia waifai moja. Nikifungua orodha ya ruta naona "simu ya" fulani, "simu ya" fulani, na najua nani amefika na nani bado. Hawajaniambia, simu zao zimeniambia. Mwaka 2017 IETF, jumuiya inayoandika kanuni za intaneti, ilichapisha onyo kuhusu jambo hilihili: jina la kifaa linaweza kumfichua mwenyewe na kumwezesha mtu kumfuatilia kila anapounganisha.

Feinler alihitaji kujua kompyuta ni ya nani. Waifai ya mkahawa haihitaji. Ingia kwenye setingi, ubadilishe jina. Hodi lazima ipigwe, lakini si kwa majina yote matatu ya kwenye kitambulisho.