Funzo la Tanga: jeshi lilijifunza, nani alilipa?

Kila nipitapo penye sanamu za askari wa Vita Kuu vya Kwanza hapa Mombasa, hukumbuka Tanga.

Novemba 1914, Uingereza ilishusha huko wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Waliowakabili, chini ya Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Manowari ya Kiingereza ilitangulia kutoa onyo mjini, na Wajerumani wakapata muda wa kuleta watu kwa reli. Baada ya siku chache Waingereza walirudi melini, wakaacha bunduki na risasi ufuoni.

Funzo la kwanza lilikuwa wazi: usishuke bila kupeleleza, wala usijivunie wingi. La pili lilichelewa. Wakuu walidhani King's African Rifles (KAR) ni kikosi cha kutuliza ghasia tu. Malaria na kuhara vilipowaangusha wanajeshi wa Afrika Kusini mwaka 1916, ndipo mawazo yalipogeuka. KAR ya watu 2,400 hivi mwaka 1914 ilipita 30,000 kufikia 1918.

Lakini porini hakuna askari bila mpagazi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na chakula kibovu. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi.

Kwa hivyo tukisifu jeshi kwa kujifunza vitani, tuulize pia: ada ya somo hilo ililipwa na nani?