Kamusi Ijibuyo kwa Mbali

Watu wengi hudhani kuwa maana zionekanazo katika kompyuta zimetungwa na kompyuta yenyewe. Sivyo, nyuma yake wako watu na vitabu.

Mwaka 1828 Noah Webster wa Marekani, mzee wa karibu miaka 70, alitoa kamusi ya Kiingereza yenye maneno kama 70,000. Alikufa mwaka 1843, lakini kazi yake haikufa naye. Wengine waliiongeza na kuichapa tena, hata likatoka toleo la mwaka 1913. Haki za wachapaji wake zilipokoma, toleo hilo lilitiwa katika kompyuta, likawa mali ya watu wote.

Basi mwezi wa Oktoba 1997, Rickard Faith na Bret Martin walitangaza kanuni ziitwazo DICT, ili kompyuta moja iweze kuiuliza nyingine iliyo mbali maana ya neno. Kompyuta ijibuyo huitwa seva, na mlango wake ni namba 2628. Mwenye kuuliza huandika hati fupi ya amri, yaani skripti, nayo hubisha mlangoni, hutoa amri ya DEFINE pamoja na jina la kamusi na neno litakiwalo, hupokea jibu, kisha huaga kwa QUIT. Kila jibu lina namba yake: 552 ni kusema neno halikuonekana; 151 ni mstari utanguliao maana, nao hutaja kamusi ilikotoka.

Mstari huo wa 151 twaliudhani kuwa takataka. Tulipoandika skripti ya darasa letu tuliufuta, wanafunzi wapate maana tupu. Siku moja mwanafunzi aliuliza neno la Kiingereza "computer", akajibiwa kuwa ni mtu afanyaye hesabu. Darasa zima likacheka: kumbe kompyuta haijijui! Lakini seva haikukosea. Ilisoma kitabu cha 1913, na zama hizo kazi hiyo ilikuwa ya watu kweli. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulilifuta jina la shahidi tukauacha ushuhuda wake.

Tumeurudisha mstari ule. Sasa wanafunzi huuliza mambo mawili: neno hili maana yake nini, na ni nani asemaye hivyo, tena wa zama zipi? Wahenga walinena, Mali bila daftari hupotea bila habari; na maneno nayo ni mali.