Kiswahili Mlangoni, Kiingereza Kwenye Faili

Mama mmoja wa Sudan Kusini ameketi kwenye saiba hapa mtaani Kapsoya, Kenya, bahasha ya kaki mapajani. Anaeleza haja yake ya kuomba uraia kwa Kiswahili kilekile anachoteta nacho bei ya sukuma wiki sokoni. Kijana wa saiba anamsikiliza, anaitazama skrini iliyojaa Kiingereza, kisha anasema: “Mama, hii tafuta wakili.”

Amesema kweli, ila hakujua alivyogusa kitendawili. Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mgeni aliyeishi Kenya kihalali miaka 7 mfululizo aombe uraia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikaongeza masharti, mojawapo aelewe na kuzungumza Kiswahili au lugha ya kienyeji. Kiingereza hakikutajwa. Kwa hiyo mama anaulizwa lugha aliyo nayo, kwa karatasi za lugha asiyo nayo.

Marekani mlango na faili huongea lugha moja. Mwombaji husubiri miaka 5 kwa kawaida, hujaza fomu N-400, hufanyiwa mtihani wa Kiingereza na wa historia na serikali ya nchi hiyo. Mtego wake umejificha katika neno. Kwa Wamexico, notario ni mwanasheria mkubwa. Marekani, notary ni shahidi wa sahihi tu. Wengi wamemlipa wa pili wakidhani wamempata wa kwanza. Huku kwetu mtego huo huitwa broka: hana ofisi, ana namba ya M-Pesa.

Tanzania ilipita njia nyingine. Sheria yake ya 1995 hukubali Kiswahili au Kiingereza. Lakini Warundi waliokimbilia huko mwaka 1972 hawakuhitaji kila mmoja atafute wakili wake: serikali iliamua kuwapokea kwa pamoja, na zaidi ya 162,000 wakapewa uraia. Kenya nayo imeonja mkondo huo. Mwaka 2016 Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji, walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Kundi lina miguu mingi. Mama wa Kapsoya ana bahasha yake tu.

Ndiyo maana anahitaji wakili, na ajue wa kumtafuta. Aulize kwanza kama jina la wakili huyo limo katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya na kama cheti chake ni cha mwaka huu, maana hukatwa upya kila mwaka. Adai risiti. Kama mama hana pesa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi na wasio na uraia wowote miongoni mwa wanaoweza kusaidiwa.

Kisha amjaribu kwa jambo moja: amwambie, “Wakili, nisomee hii kwa Kiswahili.” Akiweza kumweleza kila ukurasa kabla hajatia sahihi, huyo amewahi kukaa pande zote mbili za mlango. Akimwambia, “Wewe weka sahihi tu, mama,” achukue bahasha yake aende. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu amekuja na lugha ya mwenyeji mdomoni. Kilichobaki ni faili nayo ijifunze kumjibu.