Munkoyo: kinywaji kisichongojea miaka

Leo tuongee historia ya kikombe.

Wareno wana divai yao, porto, ya bonde la mto Douro. Wanaitia pombe kali wakati ingali inachacha, ndiyo maana inabaki tamu. Ile ya mwaka mzuri inafungwa ndani ya chupa na kungojea miaka 20 ao zaidi. Reli ya kutoka Lobito, Angola, iliungana na yetu mwaka 1931, kupitia Dilolo na Kolwezi hadi Tenke. Njia ya pwani ya Wareno ilifunguka, lakini divai haikuwa ya kila mtu. Sheria ya Wabelgiji iliwakataza watu weusi divai na pombe kali mpaka miaka ya 1950.

Wazee wetu hawakukosa kinywaji. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi toka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, na iliwapa posho ya unga wa mahindi. Mahindi hayo hayo ndiyo mwili wa munkoyo, kinywaji cha Katanga na cha ndugu zetu wa Zambia.

Mama anapika uji mwepesi, anauacha upoe mpaka uwe vuguvugu. Anaponda mizizi ya munkoyo, anaitia ndani. Mizizi ile inageuza wanga kuwa sukari: uji mzito unakuwa kama maji, tena unakuwa tamu bila sukari ya duka. Kisha anachuja.

Kuuonja kuna utaratibu. Siku ya kwanza ni tamu, una harufu ya mizizi na udongo wa mvua. Hata mtoto anakunywa. Siku ya pili unaanza uchachu. Siku ya tatu unapanda kichwani, uwaachie watu wazima. Porto inasifiwa kwa miaka yake, munkoyo kwa siku zake. Lakini usiuchanganye na lutuku: ile inakenekwa, na imeharibu nyumba nyingi.

Kolwezi inajua kuhama. Watu walikimbia vita vya Mei 1978. Mwaka 1992 na 1993 familia za asili ya Kasai zilifukuzwa, nyingi zikingojea treni stesheni siku nyingi. Leo wengine wanahamishwa kwa sababu madini yako chini ya nyumba zao. Nyumba inaweza kulipwa. Pori halilipwi, na mizizi ya munkoyo inatoka porini. Pori likichimbwa, mama anabaki na unga na sufuria tu.

Kwa hiyo, mama na bibi mulio uhamishoni, muwapeleke watoto porini pale lingali liko. Muwaonyeshe jani, muwaonyeshe mzizi, muwaambie jina. Divai ya Wareno inaweza kungojea ndani ya chupa. Ujuzi wenu haungojei.